Makumbusho ya Chichu, Naoshima: anza na saa ya tiketi, feri ifuate

Makumbusho ya Sanaa ya Chichu yako chini ya ardhi, ndani ya kilima cha kisiwa cha Naoshima, kwenye bahari ya ndani ya Seto huko Japani. Yalifunguliwa mwaka 2004, na aliyeyachora ni msanifu majengo Tadao Ando. Mtu aliyezoea nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, atalielewa jengo hili haraka kuliko wageni wengi. Huku kwetu mwanga hushuka kwa kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, ukapita msana, chumba kirefu kinachoukabili ua huo, ukafika ndani umeshapoa. Ando ametumia zege kwa kazi ile ile: vyumba vimezikwa, na jua huingia kwa juu.

Wasanii ni watatu tu, na hilo ndilo jambo zuri. Chumba cha Claude Monet kina picha tano za mayungiyungi, na hakina taa: ni mwanga wa jua peke yake. Sakafu ni vipande vidogo vya marumaru, kila kimoja sentimita 2, kwa hiyo viatu huvuliwa mlangoni ukapewa ndara. Wingu likipita, rangi ya maji hubadilika mbele ya macho yako. Wengi hukaa dakika tano wakaondoka, na hapo ndipo wanapokosea. Keti nusu saa. Siku ya mawingu haikuharibii kitu, lakini jioni ya Desemba chumba huwa na kiza mapema, basi miezi ya baridi chukua saa za mchana.

Kwa Walter De Maria kuna ngazi pana na tufe la graniti lenye kipenyo cha mita 2.2, limezungukwa na vinyago 27 vya mbao vilivyopakwa dhahabu. James Turrell anachezea mwanga mtupu. Katika kazi yake iitwayo Open Field utavua viatu tena na kungoja zamu, kwani huingizwa watu wachache kwa wakati. Msikilize mhudumu anapokuambia usimame wapi. Kupiga picha ndani hairuhusiwi.

Sasa mpango wenyewe. Tiketi hukatwa kwenye mtandao kwa siku na saa maalumu. Siku za watu wengi huisha, na kufika mlangoni bila tiketi baada ya safari ndefu hivyo ni hasara isiyo na sababu. Saa huandikwa kwa mtindo wa 24: 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Ukishaipata saa yako, rudi nyuma: feri gani, treni gani, ulale wapi. Wanaoanza na hoteli hujikuta wamefika Jumatatu, siku ambayo Chichu hufungwa (Jumatatu ikiwa sikukuu ya taifa, hufungwa kesho yake).

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza, na maombi hudai ratiba ya siku kwa siku, kwa hiyo Naoshima iandikwe humo. Kutoka uwanja wa ndege wa Manda utapitia Nairobi, kisha Doha, Dubai au Addis Ababa. Ukishuka Osaka, treni ya kasi toka Shin-Osaka hadi Okayama haifiki saa moja. Kutoka Okayama kuna treni ya kwenda Uno. Nyingine hukutaka ubadilishe treni kituo cha Chayamachi, na asiyejua hili hupitwa na feri. Kwa feri, Uno hadi Miyanoura, bandari ya Naoshima, ni dakika 20 hivi. Ukitokea mji wa Takamatsu, feri huchukua kama dakika 50.

Kutoka Miyanoura, basi la mji hukupeleka kituo cha Tsutsujiso, kisha basi la bure hupanda hadi Chichu. Basi la mji ni dogo na hujaa, kwa hiyo usipange kushuka feri robo saa kabla ya zamu yako. Acha saa nzima. Baiskeli hukodishwa bandarini, lakini njia ni ya mlima: chukua yenye mota. Begi kubwa liache kwenye makabati ya sarafu. Tiketi huonyeshwa kwenye kituo kilicho chini ya mlango, kisha mnatembea kidogo kando ya bustani iliyopandwa mimea ya Monet.

Chakula ni rahisi kwa wala samaki, lakini ulizia mchuzi: mirin, kileo cha mchele, hutiwa katika michuzi mingi, hata ya udon, tambi nene za Kijapani. Na kibla huko si kaskazini kama hapa Amu (Lamu). Ni magharibi, ikielekea kidogo kaskazini.

Feri ya mwisho iandike kabla hujapanda mlima, maana ikiondoka umelala kisiwani na vyumba ni vichache. Ukifika bandarini mapema, boga jekundu, sanamu kubwa ya msanii Yayoi Kusama, liko pale pale ufukweni, na unaweza kuingia ndani yake ukingoja.