Shoranur: treni nzuri, gesti imenitibua

Nianze na yule kijana wa mapokezi, maana mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Mama mdogo alikuwa amemaliza matibabu ya nyonga Kochi, kusini mwa India, bado anatembelea mkongojo, akataka kabla ya kurudi nyumbani tupande ile treni inayosifiwa, ya kutoka mji wa Shoranur kwenda Nilambur. Tukashuka Shoranur usiku, joto la kabla ya mvua, tukaingia gesti iliyo jirani na stesheni. Kijana akapokea pasipoti zetu, akafunua kurasa mbili tatu, akazitupa kaunta macho yakiwa kwenye simu: wageni wa nje hatuchukui. Ya mama mdogo ikaanguka sakafuni. Hakuinama. Mtu mzima mwenye mkongojo amesimama mbele yake!

Najua sheria ya India inamtaka mwenye gesti amripoti mgeni wa nje serikalini ndani ya saa 24, na wenye vyumba vichache wengi hawataki usumbufu huo. Sawa. Sheria gani inamkataza kumpa mama kiti?

Tulilala chumba cha kusubiria abiria. Mji wote nikauchukia, na mto Bharathappuzha, ambao wenyeji wanauita Nila, nilipoutazama asubuhi niliona mchanga na nyasi tu.

Halafu treni ikaondoka. Jamani! Kilomita 66 za njia moja, reli iliyojengwa miaka ya 1920 kusomba mbao za misaji, na misaji yenyewe ingali imesimama pande zote, majani mapana karibu yaguse dirisha. Mama mdogo ni mtu wa Muheza. Akanishika mkono: "Mwanangu, misaji hii si kama ile ya shamba la Longuza kwetu?" Mama mmoja aliyekaa mkabala naye, hawaelewani hata neno, akamkunjulia gazeti lenye ndizi mbivu za kukaanga, za moto bado, akamlazimisha achukue mbili.

Hapo nikasamehe kila kitu, nikasema Shoranur nitaipa nyota zote. Jioni tumerudi kubadilisha treni, tukapita mbele ya gesti ile, kijana yuleyule akatutazama akageuka pembeni. Nyota nikazichukua tena. Tatu, basi, na zote ni za treni.

Nilambur nendeni, hata kesho. Ila Shoranur fikeni asubuhi na muondoke siku hiyohiyo, na mkiwa na mgonjwa, pigeni simu mapema muulize kama wanapokea pasipoti za nje.