TAHADHARI: Boti za mpira "zenye daunriga tayari" zinazouzwa Entebbe na Kampala

Ndugu zangu mnaovua kwa ufito hapa Uganda, nawaomba msome hili kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu anauza boti ndogo za mpira anazosema zimekamilika kwa kurambaza sangara, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti inayokwenda: boti, mashine, daunriga mbili (mikono ya kuteremshia chambo kwenye kina), betri, fito na karatasi anayoiita kibali. Tangazo lake linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wavuvi, na kila likiondolewa linarudi kwa namba nyingine na jina jingine. Baadhi ya waliolipa hawakupata kitu. Wengine walipata boti, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa sababu boti ile ikiingia ziwani jinsi alivyoifunga inaweza kuua.

Mimi ni fundi. Naziba boti za mpira na kutengeneza mashine jirani na mwalo, pale wavuvi wanapoegesha boti, upande huu wa Entebbe. Kazi ya huyu bwana imeletwa kwangu na watu tofauti wasiojuana, na kasoro ni zilezile. Jina lake halisi sina, ninayo majina anayojipa tu, kwa hiyo nitaeleza mtindo wake na vifaa vyake ili mvitambue.

Kwanza fedha. Anakutumia picha nzuri sana. Ziangalie vizuri: nyuma ya boti kuna misonobari na milima yenye theluji, na boti imefungwa kwenye gati la mbao ambalo halipo mwalo wowote ninaoujua kuanzia Kasenyi mpaka Katosi. Ukitaka kwenda kuiona, boti iko forodhani Mombasa. Ukingoja, imepelekwa Kalangala kwa mtu anayeijaribu. Halafu inakuja sauti ya pole: "Kaka, mimi sitaki kukuumiza, imebaki moja tu. Nitumie nusu nikuwekee." Ukisita kidogo, mwanamke anakupigia akidai naye anaitaka na atalipa yote leo. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri si lile analojiita. Mteja mmoja aliambiwa ni jina la mke, mwingine akaambiwa ni la mhasibu.

Bei yenyewe ingetosha kumshtua anayeijua biashara hii. Milioni 5 kwa kila kitu, pamoja na mashine mpya ya nguvu farasi 15? Mashine mpya ya ukubwa huo peke yake inapita hapo. Lakini anayeanza hajui, na huyu bwana anawatafuta wanaoanza, hasa wageni wanaoongea Kiswahili waliokuja kufanya kazi hapa na hawana jamaa mwaloni wa kumuuliza.

Maneno yake ya kuuzia ni haya: mputa (ndiye sangara) wakubwa wako mita 60 chini, chambo cha kawaida hakiwafikii, bila daunriga utarudi mikono mitupu. Si kweli. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, na sehemu yake ya chini kabisa ni kama mita 80. Kwenye ghuba na pwani ambako boti ndogo inapaswa kubaki, maji ni mafupi zaidi ya hapo. Tena maji ya chini kabisa ya ziwa hili hupungukiwa oksijeni sehemu ya mwaka, na sangara ni samaki asiyevumilia maji ya namna hiyo. Ukizunguka visiwa vya mawe, chambo bandia kinachozama chenyewe hadi mita 5 au 8 kitakupa kazi ya kutosha.

Sisemi kwamba daunriga ni kifaa kibaya. Ni kifaa kizuri sana, kilichoenea kwa wavuvi wa Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada wanaofuata salmoni na trauti kwenye maji baridi ya chini. Ni mkono wa chuma wenye gurudumu la waya, na mwisho wa waya linaning'inia chubwi, uzito wa madini ya risasi wa kilo 2 hadi 5. Mshipi wa ufito wako unabanwa kwenye klipu juu kidogo ya chubwi, unateremsha mpaka kina unachotaka, kisha unakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Samaki akipiga, mshipi unachomoka kwenye klipu na unapambana naye bila ule uzito. Ukitaka chambo kibaki mita 15 na kisipande wala kushuka, hakuna njia bora zaidi. Basi anachouza huyu bwana kinatazamika hivyo kwenye picha, lakini ukikishika mkononi ni kitu kingine.

Kijana mmoja aliniletea boti yake ya mita 2.7 akilalamika kwamba inapoteza hewa. Kabla sijafika kwenye tundu, niliishika pedi ambayo daunriga imefungiwa, ile iliyogandishwa juu ya tyubu. Nikaivuta kwa vidole viwili. Ilibanduka yote kwa mvuto mmoja, ikaacha utando wa manjano. Harufu yake naijua, ni gundi ya mafundi viatu. Chini yake herufi za kiwanda zilikuwa bado zinang'aa, maana yake hakupiga hata msasa kabla ya kugandisha. Boti ya PVC inataka gundi ya polyurethane, ile unayochanganya na kichocheo chake dakika chache kabla ya kupaka, baada ya kukwangua na kusafisha pande zote mbili. Boti ya Hypalon, aina nyingine ya mpira, inataka gundi yake ya neoprene. Ukiyachanganya hayo mambo mawili kazi haishiki, hata ukiipa wiki nzima ikauke.

Chubwi nalo lilikuwa saruji iliyomiminwa kwenye kopo na kupakwa rangi nyeusi. Saruji kwa ukubwa uleule haifiki hata robo ya uzito wa risasi, na ikiwa majini tofauti inazidi, kwa hiyo boti ikianza kwenda linaburutwa nyuma na kupanda badala ya kushuka. Waya ulikuwa wa breki ya baiskeli, umeungwa kwa fundo. Kile kisanduku cha kuhesabia kina hakikuwa na gia ndani. Betri ilikuwa ya gari, imebandikwa karatasi ya betri ya sola.

Kwa haki, sina ugomvi na kifaa cha kuundwa hapahapa. Katwe, hapo Kampala, kuna mafundi wanaoweza kukuundia mkono wa daunriga imara kuliko wa dukani, na bendi ya mpira inafanya kazi ya klipu vizuri kabisa. Tatizo ni kumuuzia mtu takataka kwa jina la kitu kipya kutoka nje, kisha kumwacha aende nayo majini.

Na majini ndiko roho yangu inakouma. Chini ya ziwa letu kuna mawe na visiki, na zaidi ya vyote kuna nyavu, zilizotegwa na zilizopotea. Chubwi likinasa kwenye kamba ya wavu huku mashine inasukuma, waya wa kawaida wa daunriga haukatiki mpaka mzigo wa kilo 68 hivi. Mzigo huo wote unavuta kwenye ncha ya mkono, nje ya boti, upande mmoja. Gundi nzuri hushika sana ikivutwa kwa ubavu, lakini ikianza kubanduliwa ukingoni ni dhaifu, na mkono mrefu wa daunriga unabandua tu, haufanyi lingine. Pedi ikitoka pamoja na kipande cha ngozi ya tyubu, hewa inakwisha upande huo. Pedi isipotoka, tezi linainama na wimbi linaingia juu ya ubao wa mashine. Kwenye boti nyingine aliyoiuza, daunriga ilikuwa imefungwa kwenye ubao huo kwa skrubu ndefu kupita kiasi, ncha zake zimetokeza upande wa pili na zinasugua tyubu. Nilizigusa kwa kidole gumba. Zilikuwa zimekwishachora mstari mweupe kwenye PVC.

Ndiyo maana anayejua hafungi daunriga kwenye tyubu. Anaweka ubao mgumu unaokatiza boti, ameushikiza kwenye ubao wa mashine au kwenye kiti, na kuukaza kwa mikanda kwenye pete kadhaa ili mzigo ugawanyike. Boti ndogo inabeba daunriga moja, yenye mkono mfupi na chubwi la kilo 2 au 3, si mbili zinazovuta huku na huku. Breki ya gurudumu inalegezwa kiasi cha kushikilia chubwi tu, ili likinasa waya uachie wenyewe. Koleo la kukatia waya linafungwa mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Na laif jaketi unaivaa, huikalii.

Kuhusu ile karatasi, jihadharini nayo sana. Kibali cha uvuvi hakiuzwi pamoja na boti. Wanajeshi wa kikosi cha kulinda uvuvi waliingia ziwani 2017, na kila mwalo unajua kanuni ya chombo cha uvuvi kisichopungua futi 28. Boti ya mita 3 ni futi 10 tu. Ukikamatwa nayo ukionyesha karatasi yenye muhuri wa kuchonga, utaulizwa wewe, muuzaji hatakuwepo. Nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya yako kabla ya kununua, uulize unaruhusiwa kuvua nini, kwa chombo gani na wapi. Ukitaka kuvua ndani ya mbuga ya Murchison Falls, kibali kinatolewa na UWA wenyewe, yaani Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Huyu bwana amewaambia watu kwamba boti yake inafaa kule chini ya maporomoko. Pale kuna viboko na mamba, na kumpeleka mtu katikati yao kwenye tyubu za hewa ni kumchezea roho yake.

Ukiwa bado unataka boti ya mpira, na ni haki yako kuitaka, mwombe muuzaji akupigie simu ya video akiwa amesimama kando ya boti, aguse kila kitu unachomtajia. Mwambie akuonyeshe bamba la kiwanda. Boti halali huwa na bamba linalosema aliyeitengeneza, idadi ya watu, mzigo wa juu, ukubwa wa mashine na kiwango cha hewa, na mara nyingi utaona namba ya kiwango ISO 6185. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya au Marekani zina pia namba ya utambulisho kwenye ubao wa nyuma. Bamba likiwa limekwanguliwa, ondoka. Boti ijazwe hewa jioni ilale hivyo mpaka asubuhi. Italegea kidogo kwa baridi ya usiku, hilo ni kawaida, lakini ikiwa imekunjamana ina tundu. Pakaza povu la sabuni kwenye valvu, kwenye maungio na kuzunguka kila pedi, uangalie mapovu. Zivute pedi kwa mkono mbele yake. Muuzaji mwenye boti ya kweli atakuvumilia. Fedha unatoa boti ikiwa imeshaelea mbele yako.

Aliyekwisha kutuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyohiyo uombe fedha zizuiwe kabla hazijatolewa, kisha nenda polisi na picha za mazungumzo yote na zile sauti. Usifute chochote hata kama una hasira. Laini za simu hapa Uganda husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo namba ina mwenyewe kwenye kumbukumbu, hata akiwa si yule uliyeongea naye. Wengi wananyamaza kwa aibu, na huo ukimya unampa nafasi ya kumpata mwingine.

Na wewe uliyepokea boti yake na kuona inaelea vizuri pwani, tafadhali fungua daunriga zote mbili leo, kagua ubao wa mashine upande unaogusa tyubu, na usiingie ziwani mpaka fundi unayemwamini ameipitia. Nitumie picha ya bamba, ya pedi na ya skrubu hapa chini ya tangazo hili. Nitazitazama bure na kukuambia ninachokiona.