Niliuliza kwa Kiswahili, Mombasa, nikaambiwa wageni kwanza

Nimo safarini kwa miezi kadhaa sasa, tangu nilipostaafu ualimu, nikiufuata mwambao kutoka Kilwa Kisiwani hadi Bagamoyo, kisha Pangani na Tanga, na kila nilipofika nimemlipa mtu anitembeze kwa miguu, kwa kuwa mji wa kale hauonekani kutoka dirishani mwa gari. Mombasa ndio mji nilioungojea kuliko yote. Ndiyo maana yaliyonipata huko bado yananichoma, ingawa siku nyingi zimepita.

Tulikuwa watu saba, mimi na wageni sita kutoka Ulaya, watu waungwana ambao sina la kuwalaumu. Kijana aliyetuongoza alinisalimu kwa Kiingereza, nikamwitikia kwa Kiswahili, naye akatabasamu na kuendelea na Kiingereza chake. Sikulitia jambo hilo moyoni. Kiingereza nakielewa, na ndani ya ngome ya Fort Jesus, lazima niwe mkweli, alifanya kazi nzuri sana: hakutupigia hesabu za vipimo vya kuta, bali alituweka mbele ya michoro ya merikebu ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, kisha akatusimulia ule mzingiro wa Waomani wa mwaka 1696 hadi 1698, jinsi njaa na maradhi yalivyowamaliza waliokuwa ndani kabla ya adui kuingia. Nilifundisha historia kwa miaka mingi na sikuwahi kuisimulia hivyo.

Mambo yaliharibika tulipotoka na kuingia mtaa wa Ndia Kuu.

Tulisimama mbele ya mlango wa kuchonga. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na nimekua nikinusa randa na vumbi la mbao, kwa hiyo mlango ule haukuwa pambo la kupigia picha kwangu. Niliona kwamba mfaa, ule mti wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili, ulikuwa na rangi mbili, juu umeiva na chini umepauka. Nikauliza kwa adabu: "Samahani, mwanangu, huu ni msaji au mvule? Na huku chini kulibadilishwa?"

Hakunitazama vizuri. Alisema, "Mama, subiri kidogo, nimalizane na wageni kwanza. Wewe ni mtu wa huku huku." Kisha akawageukia wale sita na kuwapanga kwa ajili ya picha.

Mtu wa huku huku! Mimi niliyevuka mpaka Horohoro, nikapanda kivuko cha Likoni na mkoba wangu begani, na nikalipa kiasi kile kile walicholipa wenzangu bila kupunguziwa hata shilingi moja? Na hata kama ningekuwa mzaliwa wa Kibokoni, mtaa wa hapo Mombasa, tangu lini mwenye lugha akawa wa mwisho kujibiwa katika mji wake mwenyewe? Huu ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji. Ni mji ambamo mwaka 1928 walikutana waliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikawekwa kando, na watu wa Mombasa wana haki ya kulinung'unikia jambo hilo mpaka leo. Mimi nilikitetea Kimvita darasani, nikiwaambia wanafunzi wangu wa bara kwamba ni hazina. Nikaja kwenye chimbuko lake, na swali langu likaambiwa lisubiri.

Aliyenijibu ni mzee muuza kahawa aliyekuwa barazani hatua chache kutoka pale, dele lake likiwa juu ya makaa. "Ndoo, mwanangu," aliniita, yaani njoo, nami nikamwamkia na kukaa. Alinimiminia kikombe cha kahawa chungu, akanipa kashata, kisha akainuka taratibu akanipeleka mlangoni na kuuweka mkono wangu juu ya ule mfaa. Ni msaji, alisema, lakini unyevu na chumvi ya bahari viliula mguu wake, ukakatwa na kuungwa mti mwingine. Kwa kidole nilikipata kiungo chenyewe: fundi alikikata mshazari, akakificha ndani ya ua lililochongwa, hata jicho lisilojua lisikione. Baba angelia.

Kundi lilikwisha kwenda. Pale barazani nilikusudia kuwaambia wote ninaowajua wasimfuate kijana yule hata bure.

Lakini alirudi. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi, baada ya kuagana na wageni, alitokea kichochoroni akinitafuta, akampa mzee shikamoo na kuniambia, "Nisamehe, mama." Alieleza kwamba wageni ndio wanaotoa bakhshishi, na watu wetu huondoka na asante tu. Nilimwambia kwamba hilo halikuwa deni langu. Hakubisha. Akanichukua mimi peke yangu hadi Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa karibu mwaka 1570, akanionyesha mnara wake unaosinyaa kwenda juu na kisima kilicho ng'ambo ya njia, na safari hii alisema kwa Kimvita chake cha nyumbani, akinitajia jina la kila kitu, la kila mtaa na la kila upepo wa baharini. Ilikuwa saa bora kuliko zote za safari yangu nzima.

Kwa hiyo siwezi tena kusema msiende naye. Nilimpa mkono, nikampa na bakhshishi. Nilipofika kivukoni hasira ilinipanda upya, kali kuliko ya kwanza, kwa sababu kumbe utamu wote ule alikuwa nao tangu asubuhi, na kama nisingebaki barazani angeninyima.