Klabu inayojua kwamba mjukuu wangu hali karanga

Mjukuu wangu ana mzio wa karanga. Akiwa na miaka minne alivimba midomo mbele ya macho yangu kwa kijiko kimoja tu cha mchicha wa karanga, na tangu siku hiyo sili naye nje kabla sijauliza jikoni. Hilo ndilo linalonibakiza kwenye klabu hii ya wanachama hapa Dar es Salaam, ingawa mwezi uliopita nusura niwarudishie kadi yao.

Unapojiunga unajaza fomu ndefu: siku ya kuzaliwa, wanaokutegemea, unachopenda kula, usichokula, maradhi. Nilijaza yote. Mwaka wa kwanza fomu ililala kabatini tu, maana kila Jumamosi mtoto akitoka bwawani nilirudia maneno yale yale kwa mhudumu mpya. Kisha wakaweka mfumo wa kompyuta. Siku hizi kadi ikishapita mapokezi, jikoni wanajua nani kaingia na kaja na nani.

Jumamosi moja tukaagiza wali na kisamvu. Kijana wa zamu akainama, akaniambia taratibu, "Mama, kisamvu cha leo kimeungwa karanga. Mpishi amemtengea mtoto cha nazi, sufuria yake na mwiko wake." Na mwiko wake! Wengi wanadhani ukishaziondoa karanga kwenye sahani umemaliza, kumbe mwiko mmoja ukizunguka masufuria yote mtoto anaweza kuumwa vile vile. Siku hiyo nilikula nikiwa nimetulia, jambo ambalo sikuwa nalo kwa muda mrefu.

Sasa lililoniudhi. Niliwaalika wazazi wa mkwe wangu, wametoka Tanga. Mhudumu mwingine akaja na tableti mkononi, akasoma kwa sauti: "Mama, supu yako tumeipunguza chumvi kwa sababu ya presha." Meza ikanyamaza. Mama wa mkwe wangu akaweka kijiko chini, akanishika mkono: "Dada, kumbe unaumwa?" Sikuwa nimewaambia. Hata binti yangu sikuwa nimemweleza yote.

Yule kijana simlaumu, alisoma alichowekewa. Kosa ni la aliyeamua kwamba maradhi yangu yakae ukurasa mmoja na meza niipendayo. Mpishi anahitaji kujua nisile chumvi nyingi. Anayebeba sahani hahitaji kujua kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na inanipa haki ya kuona nilivyoandikwa na kurekebishiwa.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao kuomba kila kilichoandikwa juu yangu. Meneja hakubisha, akanichapishia kurasa tatu. Mengi yalikuwa sahihi, mengine yalinifurahisha: chai ya tangawizi isiyo na sukari, meza ya mbali na spika. Lakini palikuwa pia na jina la rafiki yangu ninayekuja naye, na kinywaji chake, naye hajawahi kusaini fomu yoyote pale. Nikaomba afutwe. Wakamfuta nikiwa nimekaa pale pale, na neno presha likaondolewa kwenye tableti za wahudumu, likabaki "chumvi kidogo".

Ada yao si ndogo, na bwawa Jumamosi linajaa mno baada ya saa nne asubuhi. Unayetaka kujiunga, jaza mzio wote bila kuficha, maana jikoni wanaufuata kweli. Ila kabla ya kusaini waulize nani ataona nini, na waombe wakuonyeshe hiyo tableti.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata siku wageni wetu nao watakapoulizwa kabla ya kuandikwa.