Uzoefu wangu wa rangi za Tamiya kwenye mwili na sitaha ya manowari Yamato

Kwa miezi minne nimekuwa nikiipaka rangi modeli ya manowari ya Kijapani Yamato, ile ya Tamiya ya kipimo cha 1/350, na kwa kuwa wanaoanza kazi hii huuliza kwanza wanunue rangi gani, naona ni vyema nieleze jinsi rangi za akriliki za kampuni hiyohiyo zilivyofanya kazi mikononi mwangu hapa Dar es Salaam, penye joto na unyevu wa pwani. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 263, kwa hiyo modeli inakaribia sentimita 75, na ubavu wa urefu huo hauwezi kuficha kosa: doa, mchirizi au mstari uliopinda huonekana tangu mlangoni.

Nilinunua chupa ndogo za mililita 10. XF-9, wekundu uliofifia wa sehemu inayokaa chini ya maji, nilitumia mbili; XF-75, kijivu cha juu ya maji, mbili pia; XF-78, rangi ya mbao za sitaha, moja; pamoja na XF-2 nyeupe na chupa kubwa ya tina yake ya kuzimulia rangi, X-20A. Kilichonivuta zaidi ni hiyo XF-75, kwa sababu imetengenezwa kufuata kijivu cha karakana ya jeshi la majini ya Kure, palepale Yamato ilipojengwa na kukabidhiwa jeshi mwezi Desemba 1941. Jeshi la majini la Japani halikuwa na kijivu kimoja. Karakana za Kure, Sasebo, Maizuru na Yokosuka kila moja ilikuwa na chake, na ndiyo maana anayejenga Musashi, pacha wa Yamato aliyejengwa Nagasaki, huelekezwa kwenye XF-77, kijivu cha Sasebo. Kwa mtu anayejali ukweli wa meli, kupata rangi ya karakana husika ikiwa tayari ndani ya chupa ni msaada mkubwa.

Kabla ya rangi niliuosha mwili wote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikauacha ukauke usiku kucha, kisha kwa brashi ya hewa, inayopuliza rangi kwa upepo wa kompresa, nikapuliza praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu hafifu. Wapo wanaoanza na kijivu cha juu. Mimi naamini kuanza na wekundu wa chini ni bora, kwa kuwa nyekundu ikipakwa juu ya kijivu kilichokolea hupoteza uhai, ilhali kijivu huifunika nyekundu kwa tabaka mbili nyepesi bila shida. Waliowahi kuona jahazi limepandishwa pwani likipakwa deheni wanajua kwamba sehemu ya chini ya chombo ina rangi yake na sababu yake, na kwenye manowari za chuma wekundu huo ulikuwa wa dawa ya kuzuia kutu na viumbe wa baharini wanaojishikiza. Ndiyo maana nilitaka uonekane kuwa rangi ya kazi, usiong'ae, na XF-9 hukauka hivyohivyo, kavu isiyo na mng'ao.

Mstari wa maji, yaani mpaka wa nyekundu na kijivu ubavuni, ulinipa taabu kuliko kitu kingine chochote. Niliiweka modeli kwenye stendi, nikafunga penseli juu ya kipande cha mbao kwa kimo kinachotakiwa, nikaisogeza penseli hiyo mezani kutoka omo, yaani mbele ya meli, hadi tezi, yaani nyuma, huku ncha ikigusa ubavu. Hadi hapo kazi ilikwenda vizuri. Kosa langu lilikuwa kutumia utepe wa karatasi wa mafundi wanaopaka nyumba, nilioununua duka la vifaa vya ujenzi. Ule utepe ni mnene na una mikunjo, na kijivu kilipenya chini yake kama wino kwenye karatasi laini. Nilipoubandua, karibu sentimita 20 za ubavu wa kushoto zilikuwa na meno kama ya msumeno. Nililazimika kupiga msasa na kuanza upya.

Mara ya pili nilitumia utepe wa Tamiya wa milimita 6 kwenye mstari wenyewe, kwa sababu ulio mwembamba hukubali kupinda pale omo inapotokeza chini ya maji, halafu ule wa milimita 40 kufunika sehemu iliyobaki. Kisha, kabla ya kijivu, nilipuliza tena nyekundu kidogo kwenye ukingo wa utepe. Kama kuna upenyo, basi hupenya nyekundu juu ya nyekundu na kuuziba, na kijivu kinachofuata hakipati njia. Nilipoubandua safari hii, nikiuvuta polepole kwa kuukunja juu yake wenyewe, mstari ulitoka mkali kana kwamba umekatwa kwa wembe, na nilikaa nikiutazama kwa muda mrefu kabla ya kusafisha vifaa.

Kuhusu hali ya hewa, ninayoyasema yanawahusu zaidi wa pwani. Rangi hizi zina alikoholi ndani yake na hukauka upesi. Nilipopuliza saa saba mchana, matone yalikauka hewani kabla ya kufika kwenye plastiki, na ubavu ukawa na ukwaruzo kama mchanga laini. Nilihamia alfajiri, nikaongeza tina hadi sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja na nusu ya tina, nikashusha presha ya kompresa hadi karibu bar 1 na kusogeza brashi ya hewa hadi sentimita 10. Ukwaruzo ukaisha kabisa. Siku za mvua nilisubiri saa 24 kabla ya kubandika utepe juu ya rangi mpya, na sikujuta.

Jambo moja zaidi kuhusu kijivu. Ukikipaka jinsi kilivyo, modeli huonekana nzito na nyeusi kuliko meli tunayoiwazia, kwa kuwa hewa iliyo katikati hupunguza ukali wa rangi ya kitu kikubwa kilicho mbali. Nilichanganya sehemu tano za XF-75 na sehemu moja ya nyeupe, nikahifadhi mchanganyiko huo kwenye chupa yenye lebo.

Sitaha ndiyo niliyoipenda. Ya Yamato ilikuwa ya mbao za mti wa hinoki, ambazo ni za rangi ya maziwa yenye manjano kidogo, na XF-78 ni mwanzo mzuri. Lakini ikiachwa peke yake hufanana na karatasi ya kaki. Mbao za kweli hazilingani. Nilipuliza XF-78 kote, kisha nikagawa rangi hiyo katika vikombe vitatu: kimoja nikakitia nyeupe, kingine XF-57 yenye rangi ya ngozi, cha tatu XF-59 ya manjano ya jangwani, na kwa brashi nyembamba sana, namba 000, nikapaka ubao mmoja hapa, mwingine pale, bila mpangilio. Kwa brashi, rangi hii haitaki kurudiwa ikiwa mbichi, kwani tabaka la juu huliyeyusha la chini na kuacha michirizi. Pitisha mara moja, uache. Matone machache ya dawa yake ya kuchelewesha ukaukaji husaidia sana.

Nilipomaliza nilipuliza vanishi isiyong'aa, kisha nikapitisha rangi ya kahawia ya Tamiya ya kujazia mistari, ambayo ni ya enameli na haiigusi akriliki iliyokauka. Ilijipenyeza yenyewe kati ya mbao, na ya ziada niliifuta kwa pamba. Sehemu ya tezi, ilipokuwa mitambo ya kurushia ndege, haikuwa ya mbao, hivyo niliifunika tangu mwanzo na kuipaka kijivu.

Kwa brashi ya hewa ningezinunua rangi hizi tena bila kusita. Kwa anayetegemea brashi ya mkono pekee, ningemshauri azitumie kwenye sitaha na vitu vidogo, na mwili wa meli aazime kompresa. Kuzipata si rahisi, kwa kuwa wasafirishaji wengi hukataa chupa zenye alikoholi kwa ndege, kwa hiyo nunua za kazi nzima kwa pamoja. Sitaha nimeibandika juma lililopita, na ile chupa yenye lebo imenifaa jana, nilipogundua mkwaruzo mdogo chini ya nanga ya kulia.