Nilinunua mtoto wa mbwa, upele ukaja naye

Naandika hasira zikiwa hazijaisha, mnisamehe. Miezi kadhaa iliyopita nilinunua mtoto wa German Shepherd kwa mfugaji mmoja upande wa Goba, laki nne taslimu. Kadi ya chanjo nilipewa. Mbwa mchangamfu, manyoya yanang'aa, masikio hasa, ananukia mafuta ya nazi. Nilipoomba kumwona mama yake nikaambiwa yuko shamba, nami nikaridhika.

Usiku wa kwanza hakulala. Kujikuna tu, mguu unagonga sakafu ko-ko-ko mpaka alfajiri. Nikadhani viroboto. Nilipomwogesha mafuta yakatoka, ndipo nikayaona masikio: ukingo mzima una magamba ya kijivu, makavu kama ukoko wa ugali. Viwiko vina upara. Siku ya nne mwanangu, aliyekuwa anashinda amempakata, akatoka vipele vyekundu mikononi na tumboni.

Nikampigia yule kaka kwa adabu. Akasema ni joto la Dar, "mpake oili chafu ya gari, kesho kapona." Oili chafu! Mbwa anajilamba, na ile ni sumu. Nikamwomba basi tusaidiane gharama za daktari. Akanitumia ujumbe wa sauti ambao ninao mpaka leo: "Dada, ukinunua nyanya sokoni zikakuozea nyumbani, unamrudishia muuzaji?" Halafu akanifungia namba.

Nyanya!

Daktari wa mifugo alimsugua ukingo wa sikio, na papo hapo mguu wa nyuma ukaanza kukuna hewa. Akasema hiyo ni dalili kubwa. Akakwangua ngozi mpaka damu ikachungulia, akaweka kwenye darubini, akaniita nitazame. Kadudu ka mviringo, vijiguu vifupi, kanatembea. Sarcoptes, utitiri unaoleta upele. Akanieleza kuna utitiri mwingine, Demodex, ambao mtoto huupata kwa mama siku za mwanzo za kunyonya na hauambukizi watu. Huu wetu unahamia kwa mtu, ila hauwezi kudumu kwenye ngozi yake. Mbwa akitibiwa, na mtu hupona. Ivermectin ya ng'ombe niliyokuwa nimeiona duka la mifugo alinikataza kabisa, maana kipimo kikizidi kwa mtoto wa mbwa kinaweza kumletea degedege na kumuua.

Nilikaa chini kuandika kwamba labda mfugaji hakujua. Kulea mbwa wengi si kazi ndogo, na utitiri hauchagui banda. Lakini nayakumbuka yale mafuta. Nani humpaka mbwa mafuta ya nazi masikioni? Na daktari alisema magamba mazito namna ile hayaoti kwa siku nne. Alijua. Alijua, akanipa mtoto mgonjwa nikamlaze na mwanangu.

Mbwa amepona. Manyoya yamerudi masikioni, kwanza kama vumbi jeusi, sasa laini kabisa, na hata mtu akinipa milioni simwachii. Kwa hiyo kununua sijuti. Hapana, kununua kwa yule najuta, na kwenda kwake msiende.

Juzi katangaza watoto wengine. Picha nzuri, wote wanang'aa mafuta. Nikamwandikia kwa simu ya mdogo wangu kuuliza kama naweza kumwona mama yao.

"Yuko shamba."