Geuza boksi kwanza: mwongozo wa kununua ruta na king'amuzi cha kurekodi

Malalamiko ya wasomaji ya wiki hizi yote yanaelekea mahali pamoja. Dada mmoja wa Nairobi analipia faiba ya Mbps 500 (megabiti 500 kwa sekunde), amenunua ruta mpya yenye antena nne, na kila akipima kasi anapata 94. Asubuhi 94, usiku wa manane 94, hata akikaa ubavuni mwa ruta yenyewe. Kaka mwingine wa Tabata aliacha king'amuzi kikirekodi mechi ya Taifa Stars kwenye flashi, akarudi kutoka kazini akakuta picha imeishia katikati ya kipindi cha pili. Wote wawili waliuliza dukani yale tunayouliza sote: bei gani, ina waranti, antena ngapi. Hakuna aliyekigeuza kifaa akatazama matundu ya nyuma, na muuzaji hakumgusia.

Kwa hiyo sitazungumzia umbo, rangi wala idadi ya antena. Hayo utayaona kwenye picha ya boksi. Nitazungumzia matundu, kwa sababu ndiyo yanayoamua utapata nini nyumbani kwako, na ndiyo yasiyotajwa kamwe pale kaunta.

Hiyo 94 inatoka wapi

Tundu la waya kwenye ruta lina ukomo. Kwa ruta za kawaida za nyumbani yapo ya aina mbili: yanayoandikwa 10/100, ambayo mwisho wake ni Mbps 100, na ya gigabiti, yanayoandikwa 10/100/1000, ambayo mwisho wake ni Mbps 1000. Sehemu ya kasi hutumika kubeba taarifa za usafirishaji wa data yenyewe, hivyo tundu la 100 hukuachia kama 94 au 95. Intaneti yote ya nyumba inaingilia tundu moja, lile la WAN, linalopokea waya wa kampuni. Likiwa la 100, waifai haiwezi kugawa kisichoingia.

Lakini juu ya boksi pameandikwa AC1200! Hiyo 1200 ni Mbps 300 za masafa ya GHz 2.4 na 867 za masafa ya GHz 5, zikajumlishwa na kukamilishwa kwenda juu. Ni kasi ya nadharia ya hewani, na simu yako haitumii masafa yote mawili kwa wakati mmoja ikapata jumla hiyo. Mtu aliyeoneshwa 1200 hawezi hata kuwaza kwamba nyuma kuna mlango wa 100. Kampuni zinalijua hilo. Zinaiweka namba kubwa mbele kwa wino mnene, na 10/100 zinaiandika ubavuni kwa herufi za kusoma kwa miwani.

Zamani haikuwa na shida, maana wengi tulikuwa kwenye vifurushi vya Mbps 10 au 20. Mambo yamebadilika. Mwaka 2024 Safaricom iliongeza kasi ya kifurushi chake cha nyumbani cha Mbps 100 hadi 500 kwa bei ileile, na waliokuwa na ruta za tundu la 100 wakaendelea kupata walichokuwa wakipata. Wanapiga simu huduma kwa wateja kugombana, kumbe kizuizi kiko sebuleni.

Kama kifurushi chako ni cha Mbps 20 na huna mpango wa kupanda, tundu la 100 halikupunguzii kitu leo. Tatizo lako huenda ni GHz 2.4. Masafa hayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye ghorofa lenye familia nyingi kila ruta inagombania hizo hizo. Hakikisha basi ruta ina GHz 5, na uiweke wazi, mbali na nyuma ya televisheni. Ukuta wa tofali za saruji huipunguza GHz 5 sana, kwa hiyo usitegemee ifike chumba cha nne.

Ruta, kwa mpangilio wangu

Ya kwanza ni TP-Link Archer C6. Nasema wazi kwamba napendelea TP-Link: inapatikana Kariakoo na Luthuli Avenue, mipangilio yake inaeleweka na mtu asiye fundi, na tovuti yao inaorodhesha aina ya kila tundu kwa kila modeli. C6 ina matundu ya gigabiti yote matano. Sasa angalia mtego: Archer C50 nayo inaitwa AC1200, nayo ina antena nne, na mara nyingi hukaa rafu moja na C6. Matundu yake ni ya 100. Muuzaji akikwambia "hizi ni sawa tu, mama, chukua hii", rudisha mkono wako. Kwa mwenye fedha zaidi, Archer AX23 ni ya Wi-Fi 6, kizazi cha waifai kipya kuliko cha C6, nayo ina gigabiti.

Ya pili ni MikroTik hAP ax2, kutoka Latvia. Matundu yake yote matano ni ya gigabiti na ni kifaa kigumu, lakini ukurasa wake wa mipangilio si wa kila mtu. Kama kwenye ukoo kuna kijana wa mitandao anayeweza kuiseti na kupatikana siku ikigoma, ichukue bila wasiwasi.

Ya tatu, kwa nyumba kubwa au ya ghorofa, ni Deco, za TP-Link pia, zile zinazouzwa mbili au tatu kwenye boksi moja na kufanya kazi kama mtandao mmoja. Hapa pia kuna mapacha wa kudanganya. Deco M4 ina matundu ya gigabiti, Deco E4 ina ya 100, na kwa macho zinafanana mno. Wachache husoma hiyo herufi moja. Vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vya kurefusha waifai sivipendekezi. Vingi hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale, hivyo kasi hushuka takriban nusu.

Xiaomi inanikera kwa sababu nyingine. Mi Router 4A ilitoka kwa namna mbili, moja ya kawaida yenye matundu ya 100 na nyingine ya gigabiti, kwa jina lilelile na umbo lilelile. Kama boksi halina neno Gigabit, si ya gigabiti.

Za bei ya chini, yaani TL-WR840N, Tenda F3, Mi Router 4C na jamaa zake: zote ni GHz 2.4 pekee na matundu ya 100. Zinafaa chumba kimoja chenye kifurushi kidogo.

Kabla hujatoa fedha, tazama pia kile kifaa cha faiba ulichopewa na kampuni. Vingi vina tundu moja tu la gigabiti, mara nyingi ni lile la LAN1 (la kwanza kati ya yale ya kutolea intaneti), na mengine ni ya 100. Hamishia waya wa ruta kwenye tundu hilo kisha upime tena. Huenda usihitaji kununua kitu.

Halafu waya. Tundu la gigabiti linahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, wakati la 100 hutumia nne tu. Mafundi wengine hugawa kebo moja mara mbili, nyaya nne za intaneti na nne za kamera ya getini, na hawamwambii mwenye nyumba. Mwingine huleta kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba na kutoza bei ya shaba tupu. Kwangu huo ni wizi, nami siutafutii jina la heshima. Kwaruza ncha ya uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie kebo yake. Unataka Cat5e au Cat6, shaba tupu, na kila ncha iwe na nyaya nane.

Upande wa kurekodi

Tundu la hapa ni la USB, nalo lina mambo mawili yanayofichwa.

La kwanza ndilo lililomkuta kaka wa Tabata. Ving'amuzi vingi vya bei nafuu vya chaneli za bure, vya mfumo wa DVB-T2 (vya antena, si vya dishi), huandaa flashi kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haukubali faili linalozidi GB 4. Chaneli inayorushwa kwa Mbps 6 hula takriban GB 2.7 kwa saa, kwa hiyo GB 4 hujaa baada ya saa moja na nusu na dakika chache. Mechi pamoja na mapumziko inapita hapo. King'amuzi kizuri hukata faili na kuanza jingine chenyewe bila kupoteza kitu. Kibaya husimama. Hata flashi iwe ya GB 128, kitasimama palepale. Nenda dukani na flashi yako iliyoandaliwa kwa NTFS au exFAT, mifumo isiyo na ukomo huo wa GB 4, uichomeke, urekodi dakika mbili mbele ya muuzaji. Akikataa kuwasha kifaa unachotaka kukinunua, ondoka.

La pili ni nguvu ya umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampia 500, na diski nyingi za kuzunguka huvuta zaidi ya hapo zinapoanza. Utaisikia inagonga tik tik, kisha king'amuzi kinasema hakuna kifaa. Diski haijafa. Tumia flashi nzuri, au hub ya USB (kigawanyio cha matundu) yenye adapta yake ya umeme.

Kwa ujumla, namba moja ya kurekodi kwangu ni DStv Explora, kwa sababu diski iko ndani na inarekodi chaneli moja huku nyumba ikitazama nyingine. Gharama yake ni kwamba kuna ada ya mwezi ya kurekodi juu ya kifurushi, dishi linahitaji LNB (kile kichwa cha kupokea mawimbi) inayoendana nayo, na ulichorekodi hakihamishiki kwenye kompyuta. Ada hiyo naiona si haki. Mtu amenunua kifaa, analipa chaneli, kisha analipia na ruhusa ya kutumia diski aliyokwisha kuinunua.

Namba mbili ni king'amuzi cha DVB-T2 kilichopita mtihani wa flashi. Vingi hurekodi kile tu unachotazama, kwa hiyo tamthilia ya mama na mpira wa baba havitarekodiwa pamoja.

Namba tatu ni televisheni yenyewe. Baadhi hurekodi kwenye USB, lakini zinarekodi kutoka kwenye antena yao tu. Kinachoingia kwa HDMI kutoka king'amuzi cha kulipia hakirekodiwi, na diski hiyo ukiihamishia televisheni nyingine haitasomeka. Itafutwa pia siku ya kwanza unapoiandaa, kwa hiyo usichomeke ile yenye picha za harusi.

Tundu la mwisho ni la umeme. Umeme ukikatika, rekodi imekatika na intaneti imekwenda. Zile UPS ndogo za ruta, yaani betri za akiba, zinafanya kazi vizuri, ila soma adapta kwanza. Archer C6 hutumia volti 12, ruta ndogo nyingine 9, nyingine 5, na pini ya volti 12 huweza kuingia kwenye tundu la volti 9 bila kukwama. Muuzaji akisema "inaingia, mama", mwambie akuoneshe namba ya volti na ampia kwenye UPS, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye adapta yako. Nenda nayo mkononi.